"Mtandao Hakuna" si Jina la Ugonjwa

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Uingereza. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, isipokuwa pale nilipojikwaa na pale ambapo watoto walipiga kelele mpaka nikanyamaza. Waliokuwepo watanisamehe kwa kurudia.)

 

Niliombwa niseme juu ya presha na kisukari kwa kuwa mimi ni nesi, na nesi akisimama mbele ya watu hutarajiwa kuwaambia wapunguze chumvi. Hayo nitayasema mwezi ujao, Mungu akipenda, na wale wa chapati nne usiku wajiandae. Leo naomba niseme jambo lisilo la fani yangu. Nimelisoma kwa sababu limenigusa nyumbani kwetu, na kwa sababu naona katika mabaraza yetu tunalizungumza kila siku bila kulijua.

Mama yangu mdogo ana kisukari. Alipata kidonda mguuni, akapelekwa hospitali moja huko nyumbani, hospitali kubwa tu. Walifika saa mbili asubuhi. Daktari akamwona, akaandika vipimo na dawa, wakaambiwa waende dirishani kulipa. Pale dirishani ndipo siku ilipoishia. Fedha taslimu hazipokelewi, lazima itolewe namba ya kumbukumbu ya malipo, na namba haitoki. Karani akasema: "Mtandao hakuna, subirini." Mimi nilikuwa hapa, fedha ziko kwenye simu, ninampigia binamu yangu kila nusu saa, naye ananijibu lile lile: "Dada, wanasema mtandao hakuna." Walilipa saa kumi na moja jioni. Antibayotiki ya kwanza iliingia mshipani usiku.

Siwezi kusema kidole kilikatwa kwa sababu ya siku ile. Kama nesi sina haki ya kusema hivyo, kidonda cha kisukari kina mambo mengi. Lakini kidole kilikatwa.

Usiku ule niliandika kwenye kundi letu la simu, na majibu yakaja kwa mafungu. Mmoja alisema ni serikali imezima. Mwingine akasema nyaya za baharini zimekatika. Wa tatu akasema hao wahasibu wanazima wenyewe ili watu watoe kitu kidogo. Kila mmoja alikuwa na uhakika kabisa, na hakuna aliyekuwa na ushahidi hata wa kuwekea kwenye kijiko. Nikakumbuka nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo wilayani. Kila mgonjwa aliyeingia alikuwa na "homa". Mtoto ana homa, bibi ana homa, mjamzito ana homa. Malaria ni homa, taifodi ni homa, mkojo mchafu ni homa. Homa si ugonjwa, ni dalili, na ukitibu kila homa kwa dawa ya malaria utazika watu. "Mtandao hakuna" nayo ni homa ya namna hiyo. Basi nikamkamata shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kuangalia seva, nikamwambia: nifundishe magonjwa yaliyomo ndani ya homa hii. Akanifundisha, na mengine nikasoma mwenyewe baada ya zamu za usiku.

Yako magonjwa ambayo tunayajua. Kuna mshipa kukatika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini karibu na Afrika Kusini, na watu wa Tanzania, Kenya na Uganda wakakaa na intaneti ya kukokota. Kuna mshipa kubanwa kwa amri. Kongo ilikuwa hivyo baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, Uganda Januari 2021, na Tanzania kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapo wengi wenu humu ndani mlikaa hamjui kama wazazi wenu wazima. Hilo lina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Silipunguzi hata chembe, na nisije nikasikia mtu amenukuu maneno yangu ya leo kwamba nesi fulani kasema kuzimwa kwa mtandao ni hitilafu ya kiufundi. La hasha.

Ila upo ugonjwa wa tatu ambao hatuna hata jina lake, na huo ndio nilioujia.

Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Sisi binadamu tunakumbuka majina. Lazima pawepo na mtu katikati wa kugeuza jina kuwa namba. Zamani, mtandao ulipokuwa mdogo, kulikuwa na faili moja la majina ya kompyuta zote, likitunzwa California, na kila mwenye kompyuta akichukua nakala. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris akabuni utaratibu mwingine unaoitwa DNS, ambao majina yamegawanywa kwa matawi, kila tawi lina mtunzaji wake. Majina yanayoishia na .tz yana mtunzaji wake, yale ya .ke yanatunzwa na KENIC, na kadhalika.

Fikirini masjala ya hospitali. Umefika, huna namba ya faili, unalo jina tu. Karani wa dirisha la kwanza hakujui, lakini anajua nani wa kuuliza. Anamuuliza mkuu wa masjala zote, anaambiwa: majina ya .tz yako chumba kile. Anakwenda chumba kile, anaambiwa: jina hilo liko kabati lile. Anarudi na namba, anakupa, na yeye mwenyewe anaiandika kwenye karatasi aikumbuke kwa muda, ili akija mwingine kuuliza jina hilo hilo asitembee tena. Yote hayo yanakwisha kabla hujakohoa.

Sasa karani akizimia, itakuwaje? Madaktari wapo, dawa zipo, umeme upo, barabara ya kufikia hospitali ni nzima. Lakini hakuna anayejua faili liko wapi. Kwa mgonjwa aliyeko dirishani, hospitali imefungwa. Na kwa sababu makarani wengine wana zile karatasi zao za kumbukumbu, hospitali haifungwi kwa wote kwa pamoja. Mwenye karatasi mbichi bado anapita, yule ambaye karatasi yake imekwisha muda anakwama. Ndiyo maana mnabishana kwenye makundi, huyu wa Muscat anasema "kwangu inafunguka", yule wa Tabora anasema haifunguki, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

Karani huyo ni programu. Zipo kadhaa, ila iliyosambaa sana kwa miaka mingi inaitwa BIND. Iliandikwa na wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa inatunzwa na shirika lisilo la faida la Marekani liitwalo ISC. Ni ya bure. Kampuni za simu zinaitumia, vyuo vinaitumia, serikali zinaitumia.

Julai 28, 2015 ISC ilitangaza kwamba BIND ina udhaifu ambao pakiti moja, nasema moja, inatosha kuiangusha. Aliyeugundua ni mtafiti anayeitwa Jonathan Foote. Si jeshi la kompyuta elfu, si fundi wa kuvunja nywila. Ni swali moja lililoandikwa vibaya kwa makusudi, likatumwa kutoka popote duniani, na seva inazimika palepale.

Naomba mnivumilie niwaeleze lilivyokuwa, kwa sababu nilipolielewa nilicheka, halafu nikaogopa. Kuna aina ya maombi yanayoitwa TKEY, ya seva mbili kupeana ufunguo wa siri. Seva nyingi hazitumii kabisa jambo hilo. Ombi likifika, programu inatakiwa itafute karatasi ya TKEY kwenye sehemu fulani ya barua. Isipoikuta hapo, inakwenda kutafuta kwenye sehemu ya pili. Sasa, kabla ya kutafuta mara ya pili ilitakiwa isafishe trei, yaani ifute jina iliyokuwa imelishika kutoka utafutaji wa kwanza. Haikusafisha. Ikaingia chumba cha pili na trei yenye vitu vya chumba cha kwanza. Manesi wenzangu mliomo humu mmeshaelewa, hata sihitaji kuendelea.

Na mlangoni pa chumba cha pili kulikuwa na mlinzi. Walioandika BIND 9 walikuwa watu waangalifu, waliweka walinzi kila mahali ndani ya programu. Mlinzi anauliza: trei ni tupu? Kama si tupu, basi kuna kitu kimekwenda kombo ambacho hakikutegemewa kutokea kamwe, na amri aliyopewa mlinzi ni moja: simamisha kila kitu, zima programu nzima. Msidharau wazo hilo. Ni afadhali karani azimie kuliko atoe mafaili ya watu wengine huku akili imemruka, maana programu inayoendelea kufanya kazi ikiwa imechanganyikiwa ndiyo wezi wanayoitafuta. Sisi pia mashine ya dripu ikihisi hewa kwenye mrija husimama na kupiga kelele, haiendelei kusukuma. Lakini mashine ya dripu ikisimama, nesi yuko hatua tano. Hapa mlinzi aliyewekwa kwa usalama amegeuka kuwa kisu. Adui hahitaji kuvunja kitu, anahitaji tu kujua ni swali gani litamfanya mlinzi azime taa za nyumba nzima.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Mstari mmoja wa programu, wa kusafisha trei kabla ya mara ya pili. Kosa lilikuwemo tangu toleo la 9.1.0, la mwaka 2001. Miaka kumi na minne limelala humo, limesomwa na mafundi chungu nzima, na seva za dunia zinatembea juu yake.

Halikuwa na kinga nyingine. Ukiwa na orodha ya watu unaowaruhusu kuuliza, haikusaidii, kwa sababu pakiti ilikuwa inafanya kazi yake mapema, kabla seva haijafika pale pa kukagua nani anaruhusiwa. Ukuta wa moto wa kawaida hausomi barua kwa undani kiasi hicho. Anwani ya mtumaji inaweza kughushiwa. Kilichobaki ni kuweka toleo lililorekebishwa, basi. Na mbinu ya kulitumia kosa hilo ilienea hadharani ndani ya siku chache tu, maana ukilinganisha programu ya jana na ya leo, mstari mmoja uliozidi unakuonyesha wenyewe kidonda kiko wapi.

Shemeji alinieleza jambo ambalo lilinifurahisha kwa ubaya wake. Mafundi wengi wana kijiprogramu cha kuangalia, seva ikianguka kinaiinua. Wanalala wakijua wamejilinda. Lakini mwenye pakiti anatuma tena. Seva inainuka, inapigwa, inalala. Inainuka, inapigwa. Ni kama mgonjwa aliyeshuka sukari, unampa glukosi anafumbua macho, unaondoka, na ile insulini iliyozidi bado inaingia mwilini. Na wale wenye seva mbili kwa ajili ya akiba? Kama zote mbili ni BIND, na zote mbili hazijatiwa kiraka, akiba hiyo ni ya kopo lile lile lililochacha. Pakiti ya kwanza kwa huyu, ya pili kwa yule. Wakubwa wa dunia wanajua hili: katika seva kuu za mzizi wa intaneti, ile ya herufi K, inayoendeshwa na RIPE NCC, iliwekewa programu tofauti iitwayo NSD tangu 2003, ili kosa moja lisiwaue wote.

Sasa mtasema, nesi, hilo ni la 2015, limepita. Limepita, na kabla yake lilikuwepo jingine, na baada yake yakaja mengine. Tazameni tarehe. Julai 28, 2009, miaka sita kamili kabla, siku ile ile na mwezi ule ule, ISC ilitangaza udhaifu mwingine wa BIND: ujumbe mmoja wa kuomba kubadilisha majina, hata kama seva haikupangwa kupokea mabadiliko hayo, ulitosha kuiangusha. Na ujumbe huo ulikuwa tayari mikononi mwa watu wabaya siku ya kutangazwa. Mnakumbuka nini kingine Julai ile? Julai 23, 2009, siku tano kabla, waya wa Seacom ulizinduliwa Afrika Mashariki. Mimi nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam. Tulishangilia kama vile meli ya mchele imetia nanga. Magazeti yote ni waya, waya, waya, wanasiasa wote ni waya. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza makarani wetu wa majina wana afya gani. Sisi tunapenda kitu kinachokatiwa utepe. Kiraka hakikatiwi utepe.

Na Februari 2024 watafiti wa Ujerumani wakatangaza jingine, wakaliita KeyTrap. Hili halimzimishi karani, linampa hesabu ngumu mpaka anasahau foleni. Pakiti moja, na BIND ambayo haijatiwa kiraka ingeweza kukwama hadi saa 16. Saa kumi na sita! Na safari hii haikuwa BIND peke yake, karibu programu zote za namna hiyo ziliguswa, kwa kuwa kosa lilikuwa kwenye maelezo ya utaratibu wenyewe, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1999. Waliofuata maagizo kwa uaminifu ndio walioumia.

Tusichanganye haya na lile la Kenya. Julai 2023 eCitizen, dirisha ambalo zaidi ya huduma 5,000 za serikali zinapita, lilishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Watu walikosa pasipoti, viza, tiketi za treni, na hata kununua umeme kukawa shida. Hilo lilikuwa la wingi: watu elfu wanajazana mlangoni, mgonjwa halisi hapati pa kupita. Oktoba 2024 mwendesha mashtaka wa Marekani alitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Kisudani kwa mashambulio hayo, na katika orodha imo hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, ambayo idara yake ya dharura ililazimika kupeleka wagonjwa kwingine kwa karibu saa nane mwezi Februari 2024. Kwa hiyo mtu akiniambia haya ni mambo ya kompyuta, si ya afya, nitamwonyesha hiyo. Tofauti ni kwamba dhidi ya umati unahitaji fedha nyingi na mlango mpana. Dhidi ya pakiti moja unahitaji mtu mmoja aliye macho.

Na hapa ndipo ninapotaka kubanana na ndugu zangu wa siasa.

Dawa ya 2015 ilikuwepo siku ile ile ya tangazo. Ilikuwa bure. Iliyotofautisha aliyepona na aliyeanguka si utajiri wala uprofesa, ni zamu. Je, kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kusoma tangazo lile? Alikuwa na simu? Alikuwa na ruhusa ya kuzima na kuwasha seva usiku bila kusubiri barua isainiwe na mkurugenzi aliye safarini? Msidhani nawasema wa nyumbani tu. Hapa hapa Uingereza, Ijumaa ya Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kiliingia. Kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ilisema kwamba angalau taasisi 80 kati ya 236 za hospitali za Uingereza ziliathirika, na makisio yakawa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Nchi tajiri, mishahara ya kulipa mafundi ipo, na zamu haikuwepo. Na kilichokizuia kirusi kile, mtashangaa, ni kijana mmoja, Marcus Hutchins, aliyekuta ndani yake jina la tovuti ambalo halijasajiliwa, akalisajili. Makarani wa majina wakaanza kujibu "lipo", kirusi kikanyamaza. Jina tu.

Lakini kuna kitu hapa wanacho ambacho natamani kwetu kiwepo. Ripoti ile niliyoitaja ninaweza kuisoma. Mimi nesi wa kawaida, mgeni wa nchi, naweza kusoma taasisi ngapi zilianguka na kwa nini. Tangu 2014 hospitali za serikali hapa England zimefungwa na sheria ya kumweleza mgonjwa ukweli pale kosa letu linapomdhuru: nini kilitokea, na kumwomba radhi. Si rahisi, nawaambia. Nimeshakaa mbele ya familia nikiwa na mikono inayotetemeka. Hata ISC wenyewe, kosa ni lao, mstari ni wao, walisimama hadharani wakasema: sisi ndio tuliosahau, programu inaanguka hivi, hakuna kinga nyingine, wekeni hii. Hakuna aliyewafunga. Kosa la trei chafu likiandikwa, wodi nzima inajifunza. Likifichwa, litarudi na nesi mwingine.

Kwetu tunaambiwa "hitilafu ya kiufundi, inashughulikiwa". Kisha inakwisha, hakuna karatasi. Na sisi kwa kukosa karatasi tunajijazia wenyewe: wamezima, wameiba, wamelogwa. Serikali ambayo imezima mtandao kwa makusudi inaipenda sana hali hii, kwa sababu siku ikizima kweli itasema ni hitilafu, na siku ikiwa hitilafu kweli hakuna atakayeiamini. Mgonjwa wa dirishani yeye anasubiri tu siku zote mbili.

Jambo jingine, dogo lakini linanikera. ISC inaishi kwa wale wanaolipia msaada. Wanaolipa hupata habari za udhaifu siku chache kabla ya sisi wengine. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilipandwa na hasira, nikasema hata hapa matajiri wanaokolewa kwanza. Nikamwambia shemeji. Akaniuliza: "Wewe umeitumia BIND miaka mingapi, na umechangia shilingi ngapi?" Nikanyamaza. Wale watu wachache wanaokesha ili majina ya dunia yafanye kazi, nani anawalisha? Nchi zetu zinanunua magari ya msafara kwa mabilioni. Mkataba wa kuambiwa mapema kwamba masjala ya taifa iko hatarini hauwezi kufika bei ya magari hayo.

Mzee mmoja alipokuwa tukinywa chai kabla hatujaanza aliniuliza: "Sasa mwanangu, unataka tufanye nini, tukasome kompyuta?" Hapana, baba. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa wabunge wanaoshughulikia mawasiliano, wa kwetu na wa majirani, maana humu tuko wa nchi nne. Haina matusi, na haimtaji mtu. Inauliza: seva za majina zinazobeba malipo ya hospitali zetu ni za programu gani, na je, zote ni za aina moja? Tangazo la udhaifu likitoka Jumamosi usiku, ni nani kwa cheo anayeamka, na ana ruhusa gani? Na katika miaka mitano iliyopita, kila mara "mtandao hakuna" ulipozidi saa mbili hospitalini, sababu iliyoandikwa ilikuwa nini, na imeandikwa wapi? Najua kuna atakayesema majibu ya swali la kwanza ni siri ya usalama. Sawa, walijibu kwa kamati kwa faragha. La pili na la tatu si siri ya mtu.

Nimechapa nakala thelathini, ziko kwenye meza ile karibu na sambusa. Atakayeona kuna neno la kurekebisha aandike pembeni kwa kalamu, atakayetaka kusaini asaini nyuma, jina na nchi inatosha. Kuna dada mmoja wa Mombasa ameshaniambia Kiswahili changu cha pale katikati ni cha bara mno, nimempa kalamu.

Na mama mdogo anawasalimu. Anatembea kwa fimbo, na amesema niwaambie kwamba yeye siku ile aliwaambia wale wa dirishani waandike namba kwa mkono, wakamcheka.

Naomba kuwasilisha.